Mvua, Ndengu na Mama Mkwe

Kila mwaka kuna watafiti wanaowauliza watu wa nchi mbalimbali swali moja. Wazia ngazi, wanasema, yenye vidato kuanzia 0 hadi 10; juu kabisa ni maisha mazuri kuliko yote unayoweza kuyapata, chini kabisa ni mabaya kuliko yote. Wewe umesimama kwenye kidato cha ngapi? Majibu hujumlishwa na kugawanywa, na tangu mwaka 2018 Ufini ndiyo inayoongoza orodha hiyo ya nchi zenye furaha. Sina ugomvi na Wafini. Nchi yao imejaa maziwa kila upande, na mtu mwenye maji hana sababu ya kukasirika. Lakini nililijaribu swali lenyewe kwa jirani yangu hapa Ikutha, mzee mfuga nyuki, na hakunipa namba.

"Hiyo ngazi," akauliza, "imeegemea nini?"

Nikamwambia haijaegemea kitu, ni ya kuwaza tu.

"Basi mwambie aliye juu yake ashuke upesi," akasema, akaendelea kuukwangua mzinga wake.

Mzee hakuwa anatania. Huku kusini mwa Kitui furaha haina mazoea ya kusafiri peke yake. Hutanguliwa na balaa dogo, na mara nyingi vyote viwili hubisha hodi pamoja. Umoja wa Mataifa ulipoamua mwaka 2012 kwamba Machi 20 iwe Siku ya Kimataifa ya Furaha, ni dhahiri kwamba hakuna aliyepiga simu Ikutha. Machi 20 sisi huwa tumeinua shingo, tunayatazama mawingu yakipita juu yetu kwenda kuwanyeshea watu wengine. Tungeulizwa, tungependekeza tarehe fulani ya Novemba, mvua za vuli zinapotarajiwa, na hata hiyo tungeomba iandikwe kwa penseli.

Chukua stima. Mtoto wa Kenya, kabla hajajua kusoma, anajua kupiga ukelele mmoja wa neno moja: "Zimerudi!" Hakuna anayeuliza nini kimerudi. Ukelele huanzia upande wa posho mill, ukapita hotelini, ukaruka uwanja wa soko, ukaishia kwetu, na wazee wenye heshima zao hujikuta wamepiga makofi gizani, huku balbu ishawaka na wote tunaonana.

Jumamosi moja nilikuwa nimekaa kwa kinyozi. Mashine ilikuwa imepanda kutoka kisogoni upande wa kushoto, ikavuka utosi, na ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuteremka upande wa kulia, stima zikapotea. Kinyozi aliipuliza mashine. Akaitikisa. Akaizungusha waya kidoleni, akatazama balbu, akatazama kichwa changu, akanyamaza jinsi daktari anavyonyamaza.

"Ngoja kidogo, mwalimu," akasema.

Sasa "kidogo" ya stima inaweza kuwa dakika tano na inaweza kuwa Jumatatu. Nami saa nane mchana huo nilitakiwa kuwa katika mazungumzo ya mahari ya mtoto wa kaka yangu, na si kuhudhuria tu, bali kuwa msemaji wa upande wetu. Nilijaribu kupata picha ya wazee wa upande wa pili wakinisikiliza nikiwaomba wapunguze mbuzi, nikiwa nusu ya kichwa nimejiandaa na nusu nimetoroka. Wangeongeza mbuzi. Kinyozi, mtu mwenye huruma, alitoa wembe. Tukautazama wote wawili na akaurudisha mwenyewe. Kisha akatoa kofia. Ilikuwa ya kampeni za uchaguzi uliopita, ya mgombea aliyeshindwa, na kwa bahati mbaya zaidi ni mgombea aliyeshindwa na mtu wa ukoo wa hao tuliokuwa tunaenda kuposa kwao.

Nilikuwa nimeshaivaa, nimefika mlangoni, soko likalipuka: "Zimeruuudi!" Tulikumbatiana mle ndani. Mteja aliyekuwa akingoja zamu alimkumbatia kinyozi, kinyozi akanikumbatia mimi, na kijana mmoja ambaye hakuja kunyolewa wala hakuwa na nywele, alikuja kuchaji simu tu, akatukumbatia wote. Sijawahi kuisikia furaha ya namna hiyo hata siku niliyopandishwa cheo, labda kwa sababu barua ya cheo haikukuta nusu ya kichwa ikiwa hatarini.

Halafu kuna pesa iliyosahauliwa mfukoni. Hakuna mshahara unaoifikia. Mshahara, siku unapoingia, unakuta wenyewe wameshapanga foleni: duka, karo, chama, mkopo. Bali noti uliyoisahau ndani ya koti haina mwenyewe, haijaahidiwa mtu, hata mke hana habari nayo. Baba yangu mdogo ana koti analolivaa kwenye harusi na mazishi pekee, na kwa kuwa ndugu zetu wengi hawakufa wala kuoa kwa muda, koti lilikaa msumarini likinenepa vumbi. Alipochoka kungoja akalivaa Krismasi moja, vidole vyake vikagusa karatasi iliyokunjwa mara nne. Hakuikunjua. Aliipapasa tu, akaujua ukubwa wake kwa ncha za vidole, elfu moja kamili, akaelekea buchani huku akiimba.

Aliagiza mbavu za mbuzi. Akaongeza soda. Akamwona mzee mwenzake akipita njiani, akamwita, akaongeza mbavu. Ni baada ya mifupa kubaki mifupa ndipo aliponyoosha mkono ndani ya koti na kumkabidhi mwenye bucha noti. Mwenye bucha akaikunjua polepole, akaiinua kwenye mwanga, akamtazama Mzee Jomo Kenyatta usoni kwa heshima zote.

"Baba," akasema, "huyu mzee alistaafu."

Wakenya wanajua. Benki Kuu ilitangaza Juni 1, 2019 kwamba noti za zamani za shilingi 1,000 zingekoma kutumika Septemba 30 mwaka huohuo. Nchi nzima ilikimbilia benki, tena wengine na mabegi ambayo hawakutaka kuulizwa yametoka wapi. Baba mdogo alijua habari hizo vizuri. Ndiye aliyezunguka kijijini akiwahimiza wenzake wasiachwe nyuma. Koti ndilo halikusikia redio.

Alilipa kwa jogoo. Ungedhani angeichana ile noti, lakini ameiweka ndani ya Biblia, na kila mgeni akija huitoa na kusimulia. Husema ndiyo pesa pekee aliyowahi kula nayo nyama akabaki nayo. Nikipiga hesabu ya vicheko ambavyo imetutoa tangu hapo, jogoo alikuwa bei nafuu.

Barabara nitaipita haraka kwa sababu siku hizi inapitika haraka. Wamishenari wa Leipzig kutoka Ujerumani walifika Ikutha miaka ya 1890, kabla reli haijafika Kibwezi, na kwa muda mrefu baadaye mtu aliyeshuka matatu ya kutoka Kibwezi akiwa amepakwa vumbi jekundu hadi kope aliamini kwamba wale Wajerumani waliopiga miguu ndio waliosafiri vizuri. Sasa tuna lami kutoka Kibwezi, kupitia hapa na Mutomo, mpaka Kitui na kuendelea hadi Migwani, kilomita 192. Tuliisubiri miaka mingi, na wa kwanza kuielewa walikuwa mbuzi. Waligundua kwamba lami hushika joto la jua mpaka usiku, wakahamia. Jioni utakuta matatu imesimama, taa zimewaka, makanga ameshuka na kuwasihi kwa Kikamba, nao wanatafuna tu. Abiria hawalalamiki. Anayelalamika hukumbushwa zamani.

Mabuyu nayo. Mibuyu yetu huzaa, magunia ya ubuyu mweupe hupakiwa kwenda Mombasa, huko hutiwa sukari na rangi, na hurudi yakiwa mekundu ndani ya vipakiti, watoto wetu wakayanunua na kutuonyesha ndimi. Nilijaribu kumweleza binti yangu kwamba mbuyu wenyewe umesimama pale nyuma ya choo. Akautazama, akanitazama, akaomba shilingi kumi.

Maji ndiyo yanayotaka mtu atulie ayasimulie. Mgeni akifika mto Tiva wakati wa kiangazi huuliza mto uko wapi, huku amesimama katikati yake. Maji yapo chini ya mchanga. Mchanga mnene wa mto unaweza kushika maji kiasi cha robo ya ujazo wake au zaidi, jua lisiyafikie, na ndiyo maana shirika la SASOL limekuwa likisaidia wanavijiji wa Kitui tangu miaka ya 1990 kujenga mabwawa ya mchanga: ukuta wa zege unakatiza mto, mafuriko yanaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanalala ndani yake. Basi unachimba kishimo kwa mikono na kibuyu, unangoja. Kwanza mchanga unabadilika rangi. Halafu unang'aa. Halafu, bila sauti yoyote, maji yanaanza kukusanyika chini, machafu, unayateka na kuyamwaga, yanakuja mengine, unamwaga tena, na ya tatu ni safi mpaka unaiona punje ya mchanga ikicheza ndani yake. Nimewaona watu wazima, wenye madeni, wakiinama juu ya kishimo hicho na kutabasamu peke yao.

Kuyafikisha nyumbani ni kazi ya punda, na punda wana mawazo yao. Mama mmoja tunayepakana naye ana punda anayeijua njia, kwa hiyo humpakia mitungi minne ya lita 20 pale mtoni, humpiga kofi la mgongo, na kumwacha atangulie huku yeye akimalizia kufua. Kwa muda mambo yalikwenda sawa. Kisha punda akagundua hoteli. Mwenye hoteli alikuwa amemrushia maganda ya viazi siku moja, na siku iliyofuata, badala ya kukunja kulia kwenda kwa mwenyewe, punda alikunja kushoto akaenda kusimama mlango wa jikoni na lita 80.

Mwenye hoteli hakuuliza. Anayepelekewa maji kiangazi haulizi. Alishusha mitungi, akamimina kwenye pipa, akamlisha punda, akamrudisha barabarani. Mama alipofika nyumbani alimkuta punda ameshiba na mitungi mitupu, akatafuta tobo kwenye mitungi siku nzima. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu akamfuata kwa siri, akijificha nyuma ya michongoma, mpaka jikoni, na kulikuta pipa limejaa na birika likichemka.

Soko zima lilisogea kusikiliza ugomvi. Ukasubiriwa, haukuja. Mama alikuwa amechoka na jua, mwenye hoteli akamvutia kiti: "Kaa kwanza, Mwaitu, unywe chai." Na chai ya maji yako mwenyewe huwezi kuikataa. Kufikia kikombe cha pili walikuwa wamekubaliana bei kwa mtungi. Leo mama analipwa kila wiki, mwenye hoteli hana shida ya maji, na punda ndiye mfanyabiashara anayeheshimika kuliko wote pale sokoni. Mimi mwenyewe nimeshamwambia shikamoo, ingawa ilikuwa asubuhi sana na kulikuwa na ukungu.

Lakini yote hayo ni vitafunio. Furaha yenyewe, ile kubwa, hutua juu ya mabati usiku.

Vuli moja mama mkwe alikuwa amekuja kutoka ng'ambo ya mto Athi, upande wa Makueni, kumwona mjukuu mpya. Kwa desturi ya Ukambani, mkwe wa kiume na mama mkwe hukaa mbalimbali kwa heshima. Zamani mmoja akimwona mwenzake njiani aliingia kichakani apite kwanza. Nyumba yangu haina kichaka, ina vyumba vitatu. Kwa hiyo tuliishi kama serikali ya mseto: yeye na mlango wa nyuma, mimi na wa mbele, mawasiliano yote yakipitia kwa mke wangu, na kila mmoja akikohoa kabla ya kukunja kona. Kufikia mwisho wa wiki tulikuwa tunakohoa mpaka mtoto akaanza kutuiga.

Mchana wa siku moja mke wangu alikuwa amezianika ndengu za mbegu uani. Fukusi walikuwa wameanza kuzitoboa, na jua kali huwafukuza. Zilijaa turubai zima, kijani kitupu, na kwa kuwa mbingu ilikuwa kavu mpaka inaumiza macho, tulikubaliana zilale nje zianikwe tena kesho. Mbingu, nadhani, ilikuwa inasikiliza.

Saa nane usiku tone la kwanza lilianguka juu ya bati. Ta. Kimya. Wakamba tunalijua tone hilo; hakuna aliyepata kulisikia akiwa amelala fofofo. Ta. Ta-ta. Kisha harufu ya udongo ikaingia dirishani, na mke wangu akakaa kitandani akasema neno moja tu: "Ndengu!"

Nilishika nguo ya kwanza niliyoifikia. Ilikuwa leso yake, tena ile ya waridi, yenye maandishi ambayo mwalimu hawezi kuyarudia gazetini. Nikajifunga kiunoni, nikauma tochi kwa meno, nikatoka mbio. Mvua ikafunguka yote kwa mkupuo. Nikashika pembe ya turubai nikavuta. Turubai likavutwa upande wa pili. Nikavuta tena, likavutwa tena, kwa nguvu zaidi. Radi ikapiga, ua mzima ukawa mweupe, na pale mbele yangu alikuwepo mama mkwe, karai kichwani kama kofia ya askari, pembe mbili za turubai mikononi.

Kichaka cha karibu kilikuwa mita mia. Ndengu zilikuwa hapo hapo.

Mama mkwe aligeuka mara moja akatazama ghala, na akaliambia ghala kwa sauti ya adabu: "Aliyeko upande ule na ainue pembe zake."

Nami nikageukia tangi la maji. "Zimeinuliwa," nikaliambia tangi.

Basi tukalibeba turubai tukiwa tumepeana migongo. Jambo hili linaonekana rahisi mpaka ujaribu. Watu wawili waliopeana migongo, kila mmoja akipiga hatua mbele, wanakwenda pande mbili, na turubai likabaki katikati likikaza. "Mmoja arudi kinyumenyume," ghala likaambiwa. Tukarudi kinyumenyume wote. Tukagongana migongo, jambo ambalo, kwa kadiri ninavyojua, desturi haijalitungia faini, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiri litatokea. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na taa. Hakutusaidia. Alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili asianguke kwa kucheka.

Tulipoziingiza ndani, gata ambayo fundi aliapa ingedumu kuliko nyumba yenyewe iling'oka, na maji yote ya paa, badala ya kwenda tangini, yakaingia jikoni kwa dirisha. Tukaweka sufuria. Tukaweka karai, beseni, birika, bakuli la mtoto. Mama mkwe alifanya kazi upande wake wa ukuta nami upande wangu, tukipitishiana vyombo kwa mkono kupitia mlango ulio nusu wazi, na kila chombo kilichojaa alikipokea kwa kusema "Eee!" kana kwamba ni cha kwanza duniani. Nje, kutoka kila boma, zilisikika sauti: mtu anagombeza mbuzi, mtu anatafuta kifuniko cha pipa, mtu anaita jina la mtoto wake lote mpaka la babu. Hakuna aliyekuwa na hasira. Kisha kutoka chumba cha pili nikamsikia mama mkwe akicheka. Tangu nimuoe binti yake sikuwahi kuijua sauti ya kicheko chake. Ni nene, na haina breki.

Kulikuwa na hasara. Jiko lilizama. Debe moja la ndengu lililowa na ikabidi lipikwe siku mbili mfululizo, likichanganywa na muthokoi, mpaka watoto wakaomba kuku kwa maandishi. Zile zilizonata kwenye nyayo zangu ziliota kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, mlango usio wangu, zikawa ushahidi.

Asubuhi kumbikumbi walitoka ardhini kwa maelfu, watoto wakawa wanawakimbiza na mabeseni, na Ikutha yote ikawa inatafuta jembe. Hili nalo ni jambo la kupendeza katika mvua ya kwanza: vitu vilivyoazimwa vinakumbukwa. Kabla chai haijaiva nilimwona jirani wa upande wa chini akipanda njia, anasukuma wilbaro. Wilbaro yangu. Aliiomba wakati wa kujenga banda, banda likaisha, likaliwa na mchwa, likajengwa jingine, na wilbaro haikuonekana. Nilisimama nikaitazama ikija, gurudumu likilia kwa sauti ile ile ninayoijua, na koo likanikaba.

"Mwalimu, nimekurudishia mali yako," akasema. "Nimeona si vizuri."

Nikamkaribisha. Akanywa chai, akasifu mvua, akauliza hali ya mama mkwe, akaambiwa yuko salama ila anacheka peke yake tangu usiku. Akasimama kuaga. Akakumbuka kitu. Akauliza kama ningeweza kumpa jembe, siku moja tu. Nikampa. Na lile la pili, la mkewe. Nikampa. Na panga, na mbegu za ndengu kama debe hivi, atarudisha akivuna. Vikawa rundo kubwa pale mlangoni, naye ana mikono miwili tu kama sisi wengine. Akalitazama rundo, akaniangalia.

"Sasa, mwalimu," akasema, "nitavibeba na nini?"